Vipande Saba kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu asubuhi kifungo cha koti la kazi kilikatika, kikabingirika chini ya mashine ya kukerezea chuma, kikapotelea humo. Mzee aliinama akakitafuta kwa vidole. Akapata unga wa shaba na skrubu moja, na mgongo ukamkumbusha umri wake. Akainuka.

"Haya, kaa huko huko," alikiambia.

Alikuwa na miaka sabini na mbili. Wenzake walimwita Nukta Mbili, na habari ya jina hilo ni fupi. Katika karakana ya pampu alikofanya kazi miaka thelathini na moja, kila mkerezaji alikuwa na alama yake. Ukimaliza kipande unakipiga alama mahali pasipoonekana, ili siku kikirudi kimevunjika ajulikane aliyekitengeneza. Mmoja alipiga msalaba, mwingine mistari. Yeye shule hakuiona. Namba alizijua, zilimwingia kichwani kwa kazi, lakini herufi hapana. Akachagua nukta moja. Kisha akaoa, na Jumatatu aliyorudi kazini vipande vyake vikaanza kutoka na nukta mbili. Karakana ilimcheka wiki nzima.

"Jamani, huyu kaoa mpaka kwenye chuma!" alisema Mluzi. "Mtoto akizaliwa utapiga ngapi?"

"Hizo hizo mbili."

Na kweli binti yao alizaliwa, akakua, akaolewa, nukta zikabaki mbili.

Huyo Mluzi ndiye aliyesimama kwenye mashine ya jirani miaka yote. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kukereza bila kupiga mluzi, na wimbo wake ulikuwa mmoja tu, nao aliujua nusu. Alishika nyundo kwa mkono wa kushoto. Walistaafu mwaka mmoja, kila mtu akajitengenezea karakana ndogo kwake, wakaendelea kuazimana tupa na kutukanana kama zamani.

Kwenye chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, Nukta Mbili alikuwa anajenga injini ya mvuke. Si kubwa. Ukiitia kwenye kasha la viatu, kifuniko kinakaribia kufunga. Lakini ni injini kamili: boila ya shaba, silinda, pistoni ndani yake, valvu ya kuingiza mvuke na kuutoa, na gurudumu zito pembeni. Unawasha moto wa spiriti chini ya boila, maji yanachemka, mvuke unasukuma pistoni, gurudumu linazunguka. Haisagi chochote, haivuti maji. Watu walipomuuliza inafanya kazi gani, alijibu, "Inazunguka." Wakicheka, anacheka nao.

Miaka tisa aliijenga, na mke wake. Mama, ndivyo alivyomwita mkewe, alikuwa mshonaji. Alasiri, akishamaliza nguo za watu, alileta kigoda chake akakiweka kando ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akafungua kitabu cha michoro kilichochakaa, akawa anamsomea.

"Pini. Unene, milimita sita."

"Sita kamili?"

"Sita kamili. Au nikuongezee na sukari?"

Yeye anakereza, Mama anasoma, na kama kimya kimezidi Mama anakata uzi kwa meno ili tu isikike sauti. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Sasa ni mwezi wa tano tangu Mama azikwe. Boila ndiyo ilikuwa imebaki. Mzee aliimaliza peke yake, akaijaza maji, akaipampu mpaka mara mbili ya nguvu ya mvuke itakaoubeba. Haikutoa jasho hata tone. Injini ikawa tayari. Ilibaki kuiwasha.

Na hapo pana desturi ya watu wa karakana. Vipande unaviwekea alama kimoja kimoja ukivimaliza, lakini bamba la chini, lile linalobeba injini nzima, halipigwi alama mpaka injini izunguke kwa mvuke mbele ya mafundi wenzako. Kabla ya hapo ni chuma tu. Baada ya hapo ni yako, hata ukifa ni yako. Aliwaita wenzake waje Jumamosi. Miaka tisa alikuwa anaingoja alama hiyo.

Ndiyo maana Jumatatu alivaa koti la kazi, ili alizoee tena. Na kifungo kikakatika.

Hospitalini, siku tatu kabla ya mwisho, Mama alimwambia, "Kifungo cha koti lako kinalegea. Usiende dukani. Chukua kwenye kopo langu." Yeye alifikiri ni maneno ya mshonaji tu. Mtu hufa na kazi yake mdomoni. Akaitikia, akasahau.

Sasa aliingia chumbani akalishusha kopo kutoka juu ya kabati. Tangu mazishi hakuwa amegusa kitu cha Mama hata kimoja. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, zito kuliko alivyotegemea. Akalimwaga kitandani. Vifungo vikatawanyika, vyeupe, vyeusi, vya makoti, vya sare za shule. Chini kabisa palikuwa na kifurushi cha kitambaa cha kaniki, kimeshonwa mdomo.

Akakipasua kwa wembe.

Ndani yake mlikuwa na vipande saba, kila kimoja kimevishwa kitambaa chake. Pistoni. Fimbo ya pistoni. Valvu. Kijiti cha valvu. Pini. Bushi mbili, zile pete ambamo mhimili unazunguka. Akavipapasa. Kila kimoja kilikuwa na nukta mbili.

Alikaa kitandani katikati ya vifungo. Kwanza alifikiri ni vya akiba. Lakini hakuwahi kutengeneza vya akiba. Pistoni alitengeneza moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa ndani ya injini, pale karakanani, chumba cha nyuma.

Akaenda, akafungua silinda, akaitoa pistoni. Akawasha taa, akachukua kioo cha kukuzia, akaziweka mbili sambamba chini ya jicho la kushoto, ambalo ndilo lililobaki na kazi. Zote mbili zina nukta mbili. Lakini mtu anayepiga nyundo kwa mkono wa kulia, shimo la panchi yake, kile kijiti cha chuma cha kupigia alama, hulala upande mmoja kidogo, na wa kushoto hulala upande wa pili. Nukta za pistoni iliyotoka kwenye kopo zililala upande wake. Nukta za pistoni iliyotoka kwenye injini zililala upande wa Mluzi.

Akafungua vyote saba. Vyote hivyo hivyo.

Akaanza kukumbuka. Alikuwa na tabia ya kuacha kipande kipya kwenye rafu siku tatu kabla ya kukifunga, chuma kipumzike baada ya joto la kukerezwa. Siku tatu zinatosha. Akakumbuka pia kwamba panchi yake iliwahi kupotea kwenye mtoto wa meza, na Mama akasema, "Mimi hapa, nimetobolea mkanda." Akairudisha kesho yake. Panchi kwa mkanda! Na yeye alicheka.

Hakula mchana huo.

*

Jumanne asubuhi alikwenda kwa Mluzi na kopo kwapani. Mluzi alikuwa uani anakaza bawaba ya mlango, mluzi wake ule ule wa nusu wimbo.

"Nukta! Karibu. Tupa yangu umeileta, au umekuja kuchukua na hii iliyobaki?"

"Tupa yako utaletewa."

"Kaa basi."

"Sikai."

Akafungua kopo, akavipanga vipande saba juu ya meza ya kazi, kimoja kimoja, kwa mstari. Kifungo kimoja cheupe kilifuatana navyo kikaanguka chini. Mluzi alivitazama, na mluzi ukamkatikia mdomoni.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Kwenye kopo la vifungo la mke wangu."

"Ala," alisema Mluzi polepole. "Aliniambia kavitupa."

Basi. Njia nzima mzee alikuwa amejiandaa kubishana, kuonyesha nukta, kumbana mtu mpaka ukutani. Hapakuwa na haja. Alishika ukingo wa meza.

"Sema."

Mluzi alijifuta mikono, ingawa haikuwa na mafuta.

"Shemeji alikuja hapa na kikapu. Ndani kaficha silinda na pistoni. Akaniambia, 'Shemeji, iingize hii uniambie ukweli, usinionee haya.' Nikaiingiza. Nukta, ndugu yangu, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa miaka saba."

"Halafu?"

"Halafu akalia. Akasema macho yamekuisha na wewe hutaki kusema. Akasema ukiijua hiyo pistoni utaacha injini, na ukiiacha injini utalala kitandani ungoje kufa. Nikamwambia basi nitengeneze nyingine, moja, tuwe tumemaliza."

"Moja."

"Moja."

"Hapa ziko saba."

"Akawa analeta. Kila ukimaliza kipande, analeta. Siku mbili, anakuja kuchukua."

Mzee aliinua ile pini, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Ulivipima?"

Mluzi alitazama bawaba.

"Mluzi. Nimekuuliza kitu. Ulivipima?"

"Pistoni niliipima."

"Na hivi sita?"

"Nilijua macho yako yalivyo. Nikaona nipime nini? Nikachukua mchoro, nikakereza upya."

"Hukupima."

"Sikupima."

Hapo ndipo palipomuuma. Hilo la kubadilishiwa pistoni angeweza kulimeza, pengine kwa maji mengi. Lakini huyu ni mtu aliyewahi kumrushia mtu kofia karakanani kwa kufunga washa, ile pete ya chini ya nati, bila kupima. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wanagenzi kwamba jicho linadanganya, mkono unadanganya, kipimo ndicho kisicho na shemeji. Na alipoletewa kazi ya rafiki yake wa miaka thelathini na moja aliiweka kando bila hata kuitia kalipa, kile kipimo cha kubania.

"Na alama? Panchi alileta Mama, hilo nalijua. Mkono uliopiga ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Ulipiga nukta zangu kwenye kazi yako."

"Nilipiga." Mluzi alikaa juu ya ndoo. "Nipigie kelele basi. Nitukane. Ukikaa kimya hivyo utaniua."

Mzee alikuwa anavirudisha vipande kwenye vitambaa vyake.

"Lakini na wewe, Nukta," alisema Mluzi, sauti imepanda kidogo. "Wewe ulimwambia mkeo kwamba huoni? Ulikuwa unajigonga kwenye mlango wa nyumba yako, unasema mlango umehamishwa! Alikuwa anakaa hapo ulipo, ananiuliza, 'Kwa nini mimi haniambii?' Ningemjibu nini?"

Swali hilo lilimfikia. Akafunga kopo, akalisukuma kwapani.

"Jumamosi nije, au nisije?" aliuliza Mluzi.

"Njoo. Nilikualika kama shahidi. Uje ushuhudie."

Akaondoka. Kile kifungo cheupe alikiacha pale pale chini.

*

Jumatano binti yake alikuja, kama kila Jumatano. Alikuwa muuguzi, na alikuwa na mikono ya mama yake na haraka ya mama yake. Alipoingia alimkuta baba amekaa mbele ya meza ya kazi, vipande saba kwenye kitambaa, kalipa pembeni.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba. Njoo unisomee kipimo."

Binti alivitazama vile vipande. Alivitazama sekunde moja zaidi ya ilivyopaswa. Mzee hakuona vizuri siku hizi, lakini kimya alikuwa bado anakisikia.

"Na wewe ulijua," alisema.

"Baba..."

"Mama yako alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na mumeo?"

"Naye."

"Na watoto?"

Binti alivuta kigoda, akakaa. "Waliwahi kuniona nikimpelekea Mjomba Mluzi kikapu. Siku Mama alipokuwa na homa."

"Kwa hiyo nani hajui?"

Akafikicha macho yake mazuri. "Wewe tu, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa duka lilipo. Akakumbuka siku alipofunga injini yote, kabla ya boila. Waliizungusha kwa pampu ya baiskeli, upepo badala ya mvuke. Walikuwa wote humu ndani, binti, mkwe, wajukuu, Mluzi mlangoni. Gurudumu lilizunguka bila sauti. Walipiga makofi. Mama alipiga makofi kuliko wote, akasema, "Mnamwona baba yenu? Mikono hiyo!" Na wote wakaitikia, ndiyo, mikono hiyo. Watu saba ndani ya chumba kimoja, sita wanajua. Usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

"Soma," alisema.

Akaanza kubana vipande kwenye kalipa, binti anasoma. Mchoro ulikuwa kichwani mwake, hakuhitaji kitabu. Pistoni: nyembamba, kwa unene wa unywele mmoja. Hapo Mama alikuwa na haki. Fimbo ya pistoni: sawasawa. Akairudia. Sawasawa. Valvu: sawasawa. Kijiti chake: sawasawa. Pini, sita kamili. Bushi ya kwanza, sawasawa. Bushi ya pili ilikuwa imelegea.

Viwili vibaya, na vitano ni vizima.

"Rudia vile vitano."

Binti alirudia vile vitano. Namba zile zile.

"Kwa hiyo Mama alikosea," binti alisema taratibu.

"Hakukosea. Kukosea ni kupima vibaya. Yeye hakupima." Akavuta pumzi. "Alinipima mara moja, kwenye pistoni, akamaliza. Miaka yote ile nakereza, anapokea kwa mkono huu, 'Ahsante mume wangu, nzuri hiyo,' anakitia kikapuni kwa mkono mwingine. Vitano vizima, mwanangu. Vizima! Wala hakuniuliza."

"Alikupenda, baba."

"Sikuulizi hilo."

Binti alianza kulia. Alimwacha alie. Zamani angetafuta leso. Alipoondoka, mzee alikibeba kigoda cha Mama akakitoa nje, akakiweka ukutani, uso kwa ukuta kama kina uso. Alisimama hapo akitafuta neno la kumwambia mtu ambaye hayupo. Ugomvi na marehemu una taabu yake: unasema, halafu inabidi na kujibu ujijibu.

Akafikiri habari ya kifungo. Usiende dukani, chukua kwenye kopo langu. Pengine alitaka apate kujua. Pengine alishindwa kusema akaacha kifungo kiseme. Au pengine ilikuwa kifungo tu, na vile vipande alivisahau kama watu wanavyosahau vitu. Hilo nalo hakuna wa kuuliza.

*

Alhamisi na Ijumaa alikereza.

Bushi aliipata mara ya pili. Pistoni ndiyo ilikuwa na maneno. Kwa kuwa jicho halikutosha, alitumia njia ya wazee wa karakana: unasimamisha silinda, unaziba chini kwa kiganja, unaiachia pistoni kutoka juu. Hewa iliyofungiwa ndiyo inayokupimia. Pistoni ikilegea inaanguka. Ikibana haiingii. Ikikaa vizuri inashuka polepole, kama bibi harusi anayetaka atazamwe, na kiganja chako kinasikia hewa inavyojaribu kutafuta njia.

Ya kwanza ilianguka. Ya pili haikuingia, na alipoipunguza ikaanguka. Kipande cha shaba kilikuwa kimebaki cha kutosha moja. Mgongo ulimkataa akiwa amesimama, akatoka nje, akakichukua kigoda kutoka ukutani, akakikalia. Akakereza ya tatu asubuhi nzima ya Ijumaa, anasimamisha mashine, anapapasa, anawasha, anasimamisha.

Ya tatu ilishuka. Si polepole sana, lakini ilishuka.

Kisha akachukua ya Mluzi, akaiachia kwenye silinda ile ile. Ilishuka taratibu mpaka akafikiri imekwama. Ilikuwa bora. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa bora. Alikaa nayo kiganjani muda mrefu. Angeweza kuirudisha ndani na hakuna ambaye angesema neno. Walikuwa wamezoea.

Akaiviringisha kwenye kitambaa pamoja na vile vipande sita vingine vya Mluzi. Ndani ya injini akafunga vitano vyake vya kwenye kopo, bushi mpya na pistoni ya tatu. Hakuviacha vilale siku tatu. Desturi hiyo aliiacha siku hiyo.

*

Jumamosi saa nne asubuhi walikuja. Alikuja msimamizi wao wa zamani, mzee wa miaka themanini na tatu, na fimbo yake. Alikuja Kipara, fundi wa kuchomelea; sasa wote walikuwa na vipara, lakini jina lilibaki lake. Binti alisimama dirishani. Mluzi alikuja mwisho, akasimama mlangoni, hakupiga mluzi.

"Koti gani hilo, halina kifungo?" alisema Kipara. "Siku kubwa kama hii?"

"Kimeingia chini ya mashine."

"Na wewe ingia ukifuate."

Walicheka, isipokuwa wawili.

Mzee alitia maji kwenye boila, akawasha spiriti. Walingoja. Msimamizi alipewa kigoda. Maji yalianza kuimba, sindano ya kipimo cha mvuke ikainuka, binti akaisoma bila kuambiwa. Mzee akafungua valvu, akasukuma gurudumu kwa kidole.

Injini ilikohoa. Ikatema maji. Ikasimama. Akasukuma tena, ikashika. Ilizunguka ikigonga kidogo, na mvuke ukawa unafuka pembeni mwa fimbo, pahali usipopaswa kutoka. Haikuwa ile iliyozunguka bila sauti siku ya makofi. Hii ilikuwa inachechemea. Lakini gurudumu lilikwenda, na likaendelea kwenda.

Kipara alianza kupiga makofi. "Safi! Safi kabisa, fundi! Mikono hiyo!"

"Usinipigie makofi," alisema mzee.

Makofi yakakatika.

"Sikuwaita kwa makofi. Nimewaita mseme. Msimamizi, sema."

Yule mzee wa fimbo alisogeza sikio karibu na silinda. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza pampu, mdomo wazi.

"Pistoni inavuja," alisema. "Miaka ile ningekurudishia."

"Ndiyo."

"Bushi ya upande huu iko sawa. Pini iko sawa. Valvu nzuri sana." Akarudi kukaa. "Pistoni inavuja, lakini inazunguka. Mimi nimeshuhudia."

Mzee alifunga macho kidogo. Tangu pistoni ile ya kwanza, hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza kuambiwa ndani ya chumba hiki.

Spiriti iliisha, gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Mzee alimfuata Mluzi mlangoni akampa kifurushi cha kaniki.

"Hivi ni vyako. Ni kazi nzuri, pistoni yako ni bora kuliko yangu. Futa alama yangu, piga yako."

Mluzi alipokea kwa mikono miwili. Kipara alitazama huku na huku, akaona bora atazame boila.

Kisha mzee akafungua mtoto wa meza, akachukua panchi na nyundo. Akapapasa ukingo wa bamba kwa kidole gumba mpaka akapata mahali. Akasimamisha panchi, akapiga. Nukta ilikaa vizuri.

Akahamisha panchi upana wa punje moja ya mchele. Akainua nyundo. Wote walingoja. Binti dirishani alishika mdomo.

Nyundo ilikaa juu. Kisha akaishusha, akaiweka mezani, na panchi kando yake.

"Na ya pili?" aliuliza msimamizi. Yeye na Kipara ndio pekee chumbani ambao hawakujua kitu.

Mzee alikuwa anaifuta injini kwa kitambaa, ingali moto.

"Bado," alisema.